Kuku Aliyepita Pembeni

Sebule ya nyumba ya wageni ya shangazi yangu, hapa Ikonda, ina viti sita, jiko la mkaa na televisheni moja. Wageni wake karibu wote ni ndugu za wagonjwa. Watu huja Hospitali ya Konsolata kutoka Mbeya, Songea, hata Dar es Salaam, na jioni, muda wa kuona wagonjwa ukiisha, hurudi kuota moto na kutazama chochote kitakachoonyeshwa.

Jioni moja nikiwa likizo kilionyeshwa Shamba Shape Up. Ni kipindi cha Kenya kilichoanza mwaka 2012 kupitia Citizen TV, kisha kikafika Tanzania na Uganda. Kimejengwa kama vile vipindi vya Uingereza na Marekani vya kumgeuza mtu sura au kumkarabatia nyumba, ila hiki hukarabati shamba. Watangazaji na wataalamu hufika kwa mkulima, hukaa siku chache, hupima udongo, hujenga banda, na mwisho familia husimama ikitabasamu mbele ya kitu kipya.

Banda jipya lilipotokea, sebule nzima ilifurahi. Mzee mmoja wa upande wa Makambako, aliyekuwa akimuuguza mkewe, aliuliza: "Siku zote hizo wanajenga, huyo ng'ombe alikuwa anakatiwa majani na nani?"

Tulicheka. Kijana mmoja akamwambia, "Babu, unaonyeshwa banda, wewe unatafuta majani!"

Usiku kicheko kile kilinirudia, kwa sababu nilikuwa nimekisoma darasani. Marshall McLuhan, katika kitabu chake The Gutenberg Galaxy cha mwaka 1962, anasimulia kisa alichokitoa kwa John Wilson. Mkaguzi wa afya alitengeneza filamu ya dakika tano kuwafundisha wanakijiji wa Kiafrika kusafisha viwanja vyao: kuondoa maji yaliyotuama, kuokota makopo matupu. Baada ya onyesho, watazamaji waliulizwa wameona nini. Wakajibu: kuku. Wenye filamu hawakujua kama kuna kuku. Walipoikagua picha kwa picha walimkuta, karibu sekunde moja, akiruka kwenye kona ya chini.

Kisa hicho kilitumiwa kuthibitisha kwamba Mwafrika wa kijijini hajui kutazama filamu. Imani hiyo ilikuwa na historia ndefu. William Sellers, aliyeongoza kitengo cha filamu cha makoloni kilichoundwa London mwaka 1939, alisisitiza kwamba filamu za watu wetu ziende polepole, bila mbinu za kamera. Hata kabla yake, kati ya mwaka 1935 na 1937, mradi wa Bantu Educational Kinema Experiment uliweka kambi Vugiri, kwenye milima ya Usambara, kwa fedha za Carnegie Corporation ya New York. Ulitengeneza filamu zipatazo 35 na kuzitembeza Afrika Mashariki na Kati. Moja ilihusu benki ya akiba ya posta: mfanyakazi mmoja anafukia pesa zake ardhini na kuibiwa, mwenzake anaziweka posta. Funzo lilikuwa wazi: tazama, kisha geuka uwe kama huyu wa pili.

Mimi nasoma kisa cha kuku kwa namna nyingine. Filamu ile ilipigwa, ikakatwa, ikaonyeshwa, na waliokuja kufundisha hawakumwona kuku wao wenyewe. Waliokuja kufundishwa walimwona mara moja. Mtu anayefuga anajua kuku haruki bure. Kuna mtu au kitu kimemshtua. Hapo nani hakujua kutazama?

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Reading waliochunguza watazamaji wa Shamba Shape Up nchini Kenya waliona kwamba maelfu ya kaya zilibadili namna ya kulima mahindi au kufuga ng'ombe wa maziwa. Kwa hiyo kipindi kinafundisha kweli. Ila takwimu haituonyeshi jicho la mtazamaji lilitua wapi kabla hajaamua.

Asubuhi nilimkuta mzee akiota jua ukutani. Nikamwamkia, nikamuuliza kuhusu swali lake. Kumbe ameacha ng'ombe wawili kwa jirani, na kila usiku anapiga simu kuuliza kama wamekula. Wiki ya tatu sasa, na jirani ameanza kuchelewa kupokea.

"Lile banda ni zuri, mjukuu wangu," alisema. "Lakini limejengwa na watu kumi. Mimi niko mmoja, na niko huku."

Kisha akaniomba kalamu. Alitaka nimwandikie vipimo vya kihori cha kulishia, kama nilivikumbuka. Kihori tu.

"Banda lisubiri bibi yako atoke kwanza."