Wahesabu Vipanga wa Messina

Baina ya kisiwa cha Sisilia na bara ya Italia upo mlango wa bahari uitwao Messina, ambao mahali penye wembamba kabisa una upana wa kilomita tatu hivi. Mabaharia wa kale waliuogopa kwa mikondo yake. Ibn Jubayr, msafiri wa Andalusia aliyekuwa akirejea kutoka Hija, aliponea chupuchupu hapo mwishoni mwa mwaka 1184, chombo chake kilipovunjika mbele ya mji.

Kwa ndege wenye mbawa pana mambo ni kinyume: mlango huo ndio usalama wao. Kipanga au tai hasafiri kwa kupiga mbawa muda wote, maana angechoka kabla ya kufika. Huitafuta hewa ya moto ipandayo kutoka ardhini, akazunguka ndani yake hadi juu sana, kisha akateremka kwa kuelea mpaka ilipo nyingine. Juu ya bahari hewa hiyo ni haba. Kwa hiyo ndege hao hupenda mahali ambapo maji ni membamba, kama vile jahazi lipendavyo kuambaa na pwani wakati upepo haujatulia.

Aliye wengi miongoni mwao hapo Messina ni kipanga mla nyigu, ndege wa ajabu kidogo katika ukoo wa wawindaji, kwa kuwa chakula chake kikubwa ni mabuu ya nyigu anayoyafukua ardhini kwa kucha. Miezi ya baridi ya Ulaya huipitisha katika misitu ya Afrika Magharibi na ya Kati, Kongo ikiwemo. Mwezi wa Aprili na Mei, ambapo pwani ya Afrika Mashariki imo ndani ya masika, yeye huvuka Sahara, akafika Tunisia, akaruka kutoka rasi ya Cap Bon hadi Sisilia, kisha akafuata milima ya Peloritani iliyo juu ya mji wa Messina na kuvuka kwenda Calabria. Wachanga hawamo katika safari hii: kipanga aliyezaliwa mwaka uliopita hubaki Afrika. Wavukao ni wazazi, waendao kutaga mayai yao mawili tu, aghalabu, katika misitu ya kaskazini. Jambo hili dogo ndilo lenye uzito kuliko yote katika habari hii.

Sisilia haikuwa nchi ya watu wasiowajua ndege. Mfalme Frederick wa Pili, aliyekulia Palermo na kufariki mwaka 1250, aliandika kwa Kilatini kitabu kikubwa juu ya uwindaji wa kutumia kozi, na humo akaeleza kuhama kwa ndege na jinsi wanavyongoja upepo mwema. Kwa amri yake kitabu cha Kiarabu cha mtu ambaye Walatini walimwita Moamyn kilifasiriwa na Theodore wa Antiokia. Elimu hiyo ya tafsiri ilikaa katika maktaba. Vijijini, pande zote mbili za mlango, ilitawala elimu nyingine.

Kwa lahaja ya huko kipanga huyu huitwa adorno. Watu walisema kwamba mwanamume asiyeua hata adorno mmoja katika majira ya kuchipua, mkewe atamwendea kinyume mwaka huo. Italia nzima mume aliyesalitiwa husemwa kuwa ana pembe, na ishara ya vidole viwili yatosha kumtukana mtu sokoni bila ya kufungua kinywa. Basi risasi moja kwa mwaka ikawa kinga ya heshima. Hakuna haja ya kuamini kwamba kila mpiga bunduki aliisadiki imani hii moyoni. Yatosha kwamba hakutaka kuchekwa. Dhihaka ina nguvu kuliko itikadi, na washairi wanalijua hilo vyema. Wawindaji walijijengea vibanda vya saruji vilimani, na wengine walilenga kutoka kwenye mapaa ya nyumba. Siku za upepo wa mbisho, ndege walipolazimika kuruka chini, mauaji yalikuwa mengi zaidi.

Sheria ilikuja kabla ya walinzi. Mwaka 1977 Italia ilipitisha sheria namba 968 iliyowapa hifadhi ndege wawindaji, na mwaka 1979 nchi za Ulaya zikaafikiana juu ya mwongozo wa kuwalinda ndege wa porini. Milimani bunduki ziliendelea kulia kana kwamba hapakuandikwa kitu.

Mwaka 1981 msichana wa Messina, Anna Giordano, wakati huo wa umri wa miaka kumi na mitano, aliyaona mauaji hayo kwa macho yake. Mwaka 1984 kambi ya kwanza ya watu wa kujitolea ikafunguliwa huko, naye akiwa mbele. Silaha yao ilikuwa darubini na daftari. Kuwahesabu vipanga si kazi nyepesi. Kundi linapozunguka katika hewa ipandayo, ndege hupishana na kufichana, na jicho hupotea. Mhesabu huvumilia mpaka wafike juu na kuanza kuelea kwa safu kuelekea upande mmoja. Hapo huwashika mmoja mmoja. Huandika saa, upepo, aina ya ndege na njia waliyoishika. Lakini hawakuandika ndege peke yao. Waliihesabu na milio ya bunduki, na wakawapasha askari wa misitu habari za mahali ilikotokea.

Mwaka ule wa kwanza walihesabu ndege wapatao elfu tatu, na milio zaidi ya elfu moja. Kwa maneno mengine, kwa kila ndege watatu ulisikika takriban mlio mmoja. Wahifadhi walikadiria kuwa waliouawa walifikia hata elfu tano kwa mwaka.

Majibu yalikuwa makali. Gari la Giordano lilichomwa moto, na akapelekewa kozi aliyekufa ili aelewe. Hakuhama mlima. Wenziwe walitoka miji mingine ya Italia na nchi za nje, wakakaa pamoja kwa majuma, na askari wa misitu, ambao hapo awali hawakuwa na hamu kubwa, wakaanza kufika, maana ilikuwa vigumu kukana kitu kilichoandikwa kwa tarehe na saa.

Kufikia mwaka 1998, Giordano alipotunukiwa Tuzo ya Goldman ya mazingira, waliouawa walikadiriwa kuwa mia mbili hivi kwa mwaka. Ndege waliohesabiwa katika majira mamoja walikuja kupita elfu thelathini. Tarakimu hii yataka kusomwa kwa hadhari: macho yaliongezeka vilimani, na siku za kuhesabu pia, kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba vipanga wameongezeka mara kumi. Iliyo wazi zaidi ni tarakimu ya milio, kwa sababu kadiri masikio yalivyoongezeka ndivyo milio ilivyopungua.

Ujangili haukukoma kabisa, hasa upande wa Calabria. Jeshi la misitu lilivunjwa, na kuanzia mwaka 2017 kazi yake kubwa ikaingia mikononi mwa Carabinieri. Wahesabu hawakubadilika: ifikapo Aprili hupanda tena Peloritani alfajiri, wakalielekeza jicho kusini-magharibi, upande wanakotokea ndege.