Mshika saa haondoki: habari ya klabu ndogo na mbio zake za theluji

Leo nina habari ya theluji. Najua, hapa Dar jasho linatutiririka na mimi naleta mambo ya baridi, lakini nivumilieni kidogo. Theluji yenyewe si ngeni sana kwetu. Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walipanda Kibo wakiwa na skii zao, yaani zile mbao nyembamba na ndefu ambazo mtu anazifunga kwenye viatu na kuteleza nazo. Mto mmoja wa barafu kule juu, karibu na kilele, unaitwa kwa jina la Furtwängler.

Sisi waandishi wa michezo tunafundishwa kumkimbilia mshindi. Yeye ndiye anayepigwa picha, yeye ndiye kichwa cha habari. Lakini mimi nina ugonjwa wangu: kila nikienda kwenye mbio, hata hizi za mtaani, macho yangu yanakwenda kwa yule jamaa aliyekaa mwisho wa njia na saa, kalamu na karatasi. Asipokuwepo yeye hakuna mshindi, kuna watu wanaokimbia tu. Basi nikajiuliza, hizi mbio za skii tunazoziona kwenye Olimpiki, watu wakishuka mlima kama wamefukuzwa na nyuki, nani alizipangia sheria? Nilidhani ni serikali fulani au shirikisho kubwa. Kumbe ni klabu za watalii! Watu waliokwenda likizo, wakashika saa zao wenyewe.

Tuanzie Norway, maana huko ndiko kwenye mizizi. Klabu ya kijiji cha Trysil ilianzishwa mwaka 1861, na tangu mwaka 1892 mashindano makubwa yanafanyika Holmenkollen, nje kidogo ya Oslo. Kwa Wanorway skii ilikuwa mambo mawili: safari ndefu porini, na kuruka kutoka kwenye kilima. Kushuka mlima kwa kasi hakukuhesabiwa kuwa mchezo kamili. Kulikuwa na kitu kinaitwa slalomu, neno la Kinorway hilo, lakini waamuzi walitazama madaha. Nani amepinda vizuri, nani amesimama wima. Unajua tena, ukiweka watu watatu wahukumu madaha, utapata majibu matatu.

Hapo ndipo anapoingia Mwingereza anaitwa Arnold Lunn. Alizaliwa Madras, India, mwaka 1888. Baba yake, Henry Lunn, aliwahi kuwa mmisionari kabla ya kugeukia biashara ya kupeleka watalii Uswisi. Mwaka 1909 Arnold alianguka akipanda mwamba kule Wales. Mguu ukavunjika vibaya, na ulipopona ukabaki mfupi kuliko mwenzake maisha yake yote. Mtu wa namna hiyo angeshindana na nani kwa madaha? Sisemi kwamba hiyo ndiyo sababu yake, maana sikuwa ndani ya moyo wake. Lakini huyu mwenye mguu mfupi ndiye aliyeshikilia hadi mwisho kwamba kwenye mbio mwamuzi awe saa, siyo jicho la mtu.

Mbio zake za kwanza kubwa zilifanyika Januari 1911 huko Montana, Uswisi. Washindani walikuwa vijana kumi hivi. Walipanda kwa miguu, wakalala kwenye kibanda cha mlimani, asubuhi wakajipanga kwenye mto wa barafu wa Plaine Morte na kuondoka wote kwa pamoja. Hapakuwa na njia iliyoshindiliwa wala bendera. Aliyefika chini kwanza ndiye bingwa, na siku hiyo alikuwa Cecil Hopkinson.

Sasa nisiwafiche upande wa pili. Kikombe walichoshindania kilitolewa na Lord Roberts, jenerali aliyeongoza jeshi la Waingereza kutoka Kabul hadi Kandahar mwaka 1880 kwenye vita vya Afghanistan. Ndiyo maana kikaitwa kikombe cha Roberts of Kandahar. Na klabu ya Mzee Henry iliyowakusanya watalii hao iliitwa Public Schools Alpine Sports Club. Msidanganyike na hilo neno "public", huko Uingereza ni shule za watoto wa wenye nazo! Kwa hiyo mji wa watu waliopigwa ukawa jina la kikombe cha watu waliokuwa likizo. Hadi leo njia maarufu ya mashindano kule Garmisch, Ujerumani, inaitwa Kandahar, na sidhani kama watazamaji wengi wanajiuliza ni kwa nini. Historia ina tabia ya kujificha mahali peupe.

Turudi kwenye mbio. Januari 1922, katika kijiji cha Mürren, Lunn alichomeka vijiti vyenye bendera mlimani, viwili viwili, kama milango. Wazo lilikuwa kuiga msitu: mtu anayeshuka kati ya miti lazima ajue kupinda. Sheria yake ilikuwa fupi. Pita milango yote, na mwenye muda mdogo ameshinda. Hiyo ndiyo slalomu tunayoijua leo. Tarehe 30 Januari 1924 yeye na wenzake wakakutana kwenye hoteli ya Palace hapo hapo Mürren, wakaanzisha Kandahar Ski Club. Mwaka mmoja kabla yake wanawake walikuwa wameshaanzisha klabu yao, Ladies' Ski Club.

Naomba tusimame hapa kidogo, maana wengi tunafikiri mbio zinajiendesha zenyewe. Wewe msomaji jaribu kuandaa mbio za klabu, watu thelathini tu. Lazima mtu aamke kabla ya wote akachomeke fito. Lazima mtu apige kura ya nani aanze, kwa sababu theluji haimpi kila mmoja nafasi sawa: wa kwanza anapita pakiwa laini, wa ishirini anakuta mifereji iliyochimbwa na wenzake. Lazima kila mlango mgumu uwe na mtu wa kuutazama, amesimama kwenye baridi na karatasi, aandike namba ya aliyeruka mlango. Na aandike hata kama aliyeruka ni shemeji yake! Zamani, kabla ya mitambo, saa ya juu na saa ya chini ziliwekwa sawasawa asubuhi, mmoja akaandika muda wa kuondoka, mwingine muda wa kufika, kisha karani akatoa. Karani akikosea kutoa, bingwa amebadilika. Na hao wote hawalipwi senti tano. Malipo yao ni supu ya moto jioni na lawama za aliyeshindwa.

Kwa kazi hiyo isiyo na mshahara, klabu ile ilifika mbali. Tarehe 29 Januari 1928 wanachama wasiofika ishirini, wanaume kwa wanawake, walipanda mlima Schilthorn wenye mita 2,970 na kushindana hadi Lauterbrunnen bondeni. Mbio hizo wakaziita Inferno, yaani jehanamu. Harold Mitchell alishinda kwa muda wa saa moja na dakika kama 12. Inferno bado ipo na imekuwa ya watu wa kawaida hasa: nafasi ni 1,850, wanaachiwa mmoja mmoja kila baada ya sekunde 12. Mtoto wa Arnold, Peter Lunn, aliimaliza akiwa na miaka 90.

Mwaka 1930 shirikisho la kimataifa la skii likakubali mbio za kushuka na slalomu, na mwaka 1931 mashindano ya kwanza ya dunia ya mbio hizo yakafanyika Mürren. Wanawake walikuwemo tangu siku ya kwanza, na Mwingereza Esmé Mackinnon akachukua zote mbili, ya kushuka na ya slalomu. Linganisheni na ile skii ya safari ndefu: kwenye Olimpiki wanawake walisubiri hadi mwaka 1952. Wakubwa walikuwa bado wanajadili wakati klabu ya likizo imeshafanya.

Lakini kinachonifanya niandike leo hakina medali ndani yake.

Mwaka huo huo wa 1928 Lunn alishirikiana na Hannes Schneider, mwalimu mkubwa wa skii wa St. Anton, Austria, kuanzisha mbio zilizoitwa Arlberg-Kandahar. Zikawa na jina kubwa Ulaya nzima. Kisha dunia ikaanza kuchafuka. Mwaka 1936 Olimpiki zilifanyika Garmisch chini ya Hitler, na kwa mara ya kwanza mbio za kushuka na slalomu zikawemo, matokeo yakijumlishwa pamoja. Peter Lunn alikuwa nahodha wa timu ya Uingereza. Alishindana, lakini siku ya ufunguzi alikataa kuandamana na wenzake.

Machi 1938 Ujerumani ikaimeza Austria. Schneider, ambaye hakuwa rafiki wa Wanazi, akakamatwa mara moja. Mbio za Arlberg-Kandahar zilikuwa zifanyike St. Anton mwezi huo huo. Mngekuwa nyinyi mngefanya nini? Njia ipo, theluji ipo, washindani wapo. Watu wangesema siasa na michezo ni vitu viwili mbalimbali, wimbo ambao hata sisi tunaujua. Lunn akazifuta. Mwenzetu yuko ndani, basi hakuna mbio. Schneider baadaye aliachiwa, na mwaka 1939 akahamia Marekani, mji wa North Conway, akaendelea kufundisha huko hadi alipofariki mwaka 1955.

Mimi nimelifikiria sana jambo hili. Shirikisho kubwa haliwezi kirahisi kufuta mbio, lina mikataba, lina nchi wanachama, lina kamati juu ya kamati. Klabu inaweza, kwa sababu klabu ni watu wanaojuana. Aliyefungwa siyo jina kwenye gazeti, ni yule mliyekunywa naye supu. Ni watu wale wale, wenye kikombe chenye jina la vita vya ubeberu na milango iliyofungwa kwa maskini, ila siku hiyo walijua mbio ni za nani. Mtu anaweza kuwa na yote mawili, na mwandishi asifute moja ili habari ipendeze.

Baadaye mchezo ukaendelea kushuka kwa wananchi. Mwaka 1968 mhariri wa jarida la SKI la Marekani, John Fry, alianzisha NASTAR. Kila mlima unakuwa na mtu wa kuweka kipimo, ambaye kasi yake imelinganishwa na ya mabingwa. Wewe unashuka, muda wako unapimwa kwa asilimia dhidi ya kipimo hicho. Kwa hiyo bibi wa Vermont anaweza kujilinganisha na kijana wa Colorado bila kukutana. Kumbe mtu wa mwisho naye ana hesabu yake!

Na hapo ndipo nafika kwetu Afrika Mashariki. Wengi mnamkumbuka Mkenya Philip Boit, kule Nagano, Japani, tarehe 12 Februari 1998, kwenye mbio za kilomita 10 za skii. Alikuwa wa 92, wa mwisho, dakika 20 nyuma ya mshindi. Mshindi alikuwa Bjørn Dæhlie wa Norway, ambaye alikuwa anasubiriwa kuvishwa medali. Hakwenda. Alisimama kwenye baridi hadi Boit alipofika, akamkumbatia. Boit baadaye akampa mwanawe jina la Dæhlie.

Dunia nzima ilishangaa. Nadhani watu wa vile vilabu vidogo hawakushangaa sana. Kwenye mbio za klabu ndivyo ilivyo: bingwa ameshabadili viatu, watazamaji wameshakwenda kunywa chai, giza linaingia, lakini mshika saa yupo pale pale kwa sababu kwenye karatasi yake bado kuna namba moja haijafika. Hawezi kuondoka. Akiondoka, zile hazikuwa mbio za watu wote, zilikuwa mbio za wachache wa mbele.

Siku mkienda kwenye mbio za mtaani kwenu, mtafuteni huyo mtu, mpeni hata chupa ya maji. Mimi nikipata nafasi gazetini nitamwandika kabla ya mshindi, mhariri wangu akasirike akipenda.

Tuonane wiki ijayo, panapo majaliwa.