Ndege wa Gini Moja

Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, wapiga bunduki wa Uingereza walikuwa na hesabu waliyopenda kuitaja wakiwa mezani: fezanti akiruka, gini moja imeruka naye, risasi ya kumwangusha ni peni moja na nusu, akishaanguka, sokoni analeta nusu krauni. Gini ilikuwa shilingi 21, na nusu krauni ilikuwa shilingi mbili na nusu. Mwenye shamba, kwa hiyo, alizika shilingi 21 katika yai, kifaranga, nafaka na mshahara wa mtunza ndege, ili mwishowe apate kitoweo cha shilingi mbili na nusu. Ni rahisi kuiona hesabu hiyo kama upuuzi wa matajiri na kuiacha hapo. Mimi naona inastahili kufuatiliwa, kwa sababu hasara ile ndiyo iliyokuwa nguzo ya mchezo mzima wa kukurupushiwa ndege. Mtu alionyesha alivyo kwa kupoteza. Na fedha iliyodaiwa kuujenga mchezo ndiyo iliyokula kile kilichoufanya kuwa mchezo, yaani ustadi wa mtu mbele ya ndege mwenye nafasi ya kutoroka.

Fezanti si mwenyeji wa Uingereza. Asili yake ni Asia, kuanzia Kaukazi hadi China, na kufikia Zama za Kati alikuwa amekwisha kuzoea misitu ya Waingereza na karamu zao. Ni ndege mzito, dume akiwa na kichwa cha kijani kinachong'aa, uso mwekundu na mkia mrefu. Akishtuliwa, hupenda kutimua mbio kichakani kuliko kuruka. Mpaka mwanzoni mwa karne ya 19 aliwindwa kwa miguu: mtu mmoja au wawili, mbwa wa kunusa, na gobore la kushindiliwa baruti kwa mdomoni. Kila mlio mmoja ulifuatwa na kazi ya kupakia upya, na mtu aliyerudi jioni na ndege wachache alihesabu siku yake kuwa njema. Kanali Peter Hawker, ambaye kitabu chake cha kuwafunza vijana uwindaji kilitoka mwaka 1814, alikuwa mtu wa mtindo huo: kumjua mbwa, kuujua upepo, kujua ndege atajificha wapi baada ya mvua. Gharama haikuwa kubwa. Kilichokuwa ghali ni ruhusa. Sheria ya 1671 ilimkataza kuwinda yeyote asiyekuwa na ardhi yake yenye pato la pauni 100 kwa mwaka, na mkulima mpangaji angeweza kumtazama fezanti akidonoa nafaka yake asiwe na haki ya kumgusa. Mwaka 1816 Bunge lilipitisha kwamba atakayekamatwa usiku na silaha, au hata na wavu, aweze kupelekwa uhamishoni ng'ambo kwa miaka saba. Kati ya 1827 na 1830, karibu mtu mmoja katika kila saba waliotiwa hatiani Uingereza alikuwa na kosa la kuvunja sheria za uwindaji. Sheria ya 1831 ndiyo iliyoondoa sharti la pato la ardhi, ikahalalisha biashara ya nyama ya ndege hao kwa leseni, na kupanga msimu wa fezanti uanze Oktoba 1 na kwisha Februari 1, kama ulivyo hadi sasa. Ila leseni haikumpa maskini shamba la kuwindia.

Tangu hapo, mlango uliokuwa umefungwa kwa sheria ukaanza kufungwa kwa bei. Mwaka 1851, kwenye Maonyesho Makuu ya London, watu waliiona bunduki ya Mfaransa Lefaucheux iliyokunjuka katikati na kupakiwa risasi nzima kwa nyuma. Katika miaka 30 hivi iliyofuata mafundi wa London na Birmingham waliiboresha mpaka mtu mwenye bunduki mbili na msaidizi wa kupakia akaweza kupiga karibu bila kupumzika. Bunduki ya namna hiyo haina kazi kwa mtu anayetembea kutwa nzima kumtafuta ndege mmoja. Inataka ndege waje kwake, na waje wengi. Ndipo mtindo wa Bara la Ulaya wa kusaka kwa kukurupusha ulipopata makao. Masika yote mtunza ndege aliokota mayai, akayaweka chini ya kuku wa kawaida wanaoatamia, akavilisha vifaranga mayai ya kuchemsha na mayai ya sisimizi, akavilinda dhidi ya mbweha, kunguru na wezi wa usiku. Vikikua aliviingiza msituni na kuvizoesha kula mahali pamoja. Siku ya msako, wanakijiji kadhaa walijipanga mstari upande mmoja wa msitu na kuanza kusonga polepole, wakigonga vigogo kwa fimbo, huku wavulana wakisimama kwenye kona kuzuia ndege wasichomoke pembeni kwa miguu. Upande wa pili wapiga bunduki, saba au wanane, walisimama kila mmoja kwenye kigingi chake chenye namba. Ufundi mkubwa wa siku ulikuwa wa mtunza ndege: kuwafanya viumbe wanaopenda kukimbia chini waruke, tena juu, tena wachache wachache badala ya kundi zima kwa mpigo. Mpiga bunduki alikuta kazi hiyo imekwisha kufanywa.

Fedha ya kuyaendesha yote hayo ilitoka mahali pa ajabu kidogo, nayo ni kufilisika kwa kilimo. Kuanzia miaka ya 1870 ngano ya bei ndogo ilimiminika kutoka Marekani, kodi za mashamba ya Waingereza zikaporomoka, na makabaila waliokuwa wakiishi kwa kodi hizo wakatafuta pa kushika. Wakati huohuo mji ulikuwa umezalisha matajiri wapya wa benki, pombe na viwanda, waliokuwa na kila kitu isipokuwa heshima ya shamba. Ardhi iliyoshindwa kulisha wakulima ikakodishwa kwa ajili ya ndege. Elveden, katika Suffolk, ilikuwa imetangulia kuonyesha njia: ilinunuliwa miaka ya 1860 na Duleep Singh, Maharaja aliyepokonywa ufalme wa Punjab, akaigeuza kuwa mojawapo ya sehemu mashuhuri za kuwindia; alipokufa, ikaingia mikononi mwa familia ya Guinness, watengenezaji wa pombe wa Dublin. Sandringham, iliyonunuliwa mwaka 1862 kwa ajili ya Mwanamfalme aliyekuja kuwa Edward VII, ilifika mahali pa kusogeza saa zake mbele nusu saa ili wageni wapate mwanga zaidi wa kuwinda wakati wa baridi. Saa hizo zilirudishwa sawa mwaka 1936 tu. Jirani asiyekuwa na njia ya kumkaribisha mfalme kwa idadi ya ndege aliyoizoea alijua kwamba hatakaribishwa naye.

Watetezi wa enzi ile wana jibu, na jibu lao lina uzito. Fezanti aliyerushwa vizuri kutoka kilimani, akipita mita 30 juu ya kichwa kwa upepo wa nyuma, ni mgumu kupiga kuliko yule anayeinuka mbele ya mbwa na kwenda zake moja kwa moja. Nakubali. Bwana wa Ripon wa pili, aliyeua ndege na wanyama 556,813 kati ya 1867 na 1923, na ambaye inasimuliwa kuwa aliwaangusha fezanti 28 kwa sekunde 60 huko Sandringham, alikuwa na uwezo wa mikono na macho ambao watu wachache sana wamewahi kuwa nao. Lakini tazama ustadi huo ni wa nini. Kuangusha fezanti 28 kwa dakika moja kunahitaji bunduki kadhaa, wasaidizi waliozoezwa kuzipokezana bila kugusana, na ndege wanaokuja kwa wingi kiasi kwamba anayekosa mmoja ana mwingine papo hapo. Mchezo wa aina hii unapima mkono peke yake. Ujuzi wa mahali, wa mnyama, wa subira, ule aliouandikia Hawker, umehamia kwa mtunza ndege anayelipwa na wanakijiji wenye fimbo. Tena, pale ambapo ndege 1,000 watapita kwa siku, ndege mmoja mgumu hana thamani ya pekee; kinachobaki kukumbukwa ni jumla iliyoandikwa daftarini jioni. Ripon mwenyewe aliishi kwa daftari hilo.

Siku iliyoweka wazi jambo hili ilikuwa Desemba 18, 1913, Hall Barn, karibu na Beaconsfield. Mwenyeji, Lord Burnham, alikuwa mmiliki wa gazeti la Daily Telegraph; mgeni alikuwa Mfalme George V. Bunduki saba ziliua fezanti 3,937, zaidi ya 1,000 kati yao wakiangushwa na mfalme. Tukiifuata hesabu ya gini, hapo ziliteketea shilingi 82,677, yaani zaidi ya pauni 4,000, na nyama yote ikiuzwa kwa nusu krauni isingefikisha pauni 500. Mfanyakazi wa shamba miaka ile alipata shilingi 15 hadi 18 hivi kwa wiki. Gini moja ya fezanti ilizidi ujira wake wa wiki. Msako wa siku moja ulikula ujira wake wa zaidi ya miaka 80. Anaweza mtu kusema gini ni chumvi ya wasimuliaji, na kwamba mashamba makubwa yalilea ndege kwa nafuu. Basi tuikate nusu. Bado ni miaka 40 ya jasho la mtu kwa mchana mmoja wa Desemba. Inasimuliwa kwamba mfalme, aliyekuwa miongoni mwa wapigaji bora wa kizazi chake, alikaa kimya njiani akirudi nyumbani, kisha akamwambia mwanawe kuwa huenda siku hiyo walikuwa wamepita kiasi. Naona ushahidi wake una nguvu kuliko wa mpinzani yeyote, maana hakuwa na kinyongo na mchezo.

Walikuwepo, na bado wapo, wanaosema kwamba hizo ni fedha zao na kila mtu ana hiari ya kupoteza zilizo zake. Hoja hii ingesimama kama gharama yote ingelipwa na mwenye bunduki. Hakuilipa yote. Ndege wale walishiba sehemu katika mashamba ya wapangaji. Ni mwaka huohuo wa 1913 ambapo Waziri wa Fedha, Lloyd George, akipigania mageuzi ya ardhi, alidai kuwa fezanti wanaharibu mazao ya wakulima, akataja viazisukari vya mifugo, na magazeti ya upande wa pili yakamvaa kwa wiki kadhaa yakibishana kama fezanti hula viazi hivyo au la. Mabishano ya viazi yalificha swali lenyewe, ambalo ni nani aamue ardhi ilishe nini. Na katika vijiji, mtu aliyetega mtego mmoja kwa ajili ya sufuria yake aliendelea kupelekwa mahakamani na walewale ambao kwao mizoga elfu moja ilikuwa starehe. Fikra hiyo ilisafiri. Watawala waliokuja Afrika Mashariki walitunga sheria zilizomruhusu mwenye leseni ya bei kubwa kuua kwa bunduki, zikauita uhalifu upinde na mtego wa mwenyeji. Kufikia miaka ya 1950 Wawata wa Tsavo, wawindaji wa upinde tangu mababu, walikuwa wakikamatwa kwa makundi. Uhifadhi ulikuwa na sababu zake za kweli. Lakini mstari uliowatenganisha muungwana na jangili ulichorwa kwanza katika misitu ya fezanti.

Kurudi Uingereza, Vita vya Kwanza vya Dunia viliwachukua watunza ndege, nafaka na warithi, na wengi walidhani mchezo umekwisha. Haukuisha, ulikuja kuwa biashara. Leo Uingereza huachia porini zaidi ya fezanti milioni 30 kila mwaka, waliototolewa kwenye mashine, na kati yao ni theluthi moja hivi tu wanaopigwa. Mpigaji hulipa kwa ndege, pauni 40 na zaidi kwa kila mmoja anayeanguka. Siku ya ndege 200 kwa bei ya pauni 45 ni pauni 9,000, zikigawanywa kwa watu wanane ni pauni 1,125 kwa kichwa. Mnunuzi wa nyama hatoi hata pauni moja kwa ndege, na misimu mingine hatoi kitu. Pengo la gini na nusu krauni lilikuwa mara nane na ushee. Sasa ni zaidi ya mara 40.

Katika utetezi wa leo, hoja ya misitu ndiyo ninayoiheshimu. Ni kweli kuwa vichaka na kingo za miti vingi vya Uingereza vimebaki kwa sababu mwenye shamba alitaka mahali pa ndege, na kwamba nafaka inayotawanywa wakati wa baridi hulisha pia ndege wadogo. Mishahara ya watunza ndege, na malipo ya wanakijiji wanaokurupusha, ni fedha halisi katika vijiji visivyo na kazi nyingi. Ila faida hizo zinaletwa na utunzaji wa mahali, wala hazidai idadi ya ndege iliyopo. Idadi ikizidi, mambo hugeuka: ardhi chini ya mabanda ya wavu huoza kwa kinyesi, mimea ya msituni hukanyagwa, chembe za madini ya risasi hulundikana udongoni na katika nyama. Hatari ya wingi huo ilitambuliwa rasmi, na tangu 2021 kuachia fezanti ndani au karibu na maeneo ya asili yanayolindwa kunahitaji leseni. Mwaka 2022 mafua ya ndege yalikata mayai na vifaranga kutoka Ufaransa, ambako Waingereza hununua wengi, na mashamba kadhaa yakafuta siku zao za msako kwa kukosa ndege. Shamba lisiloweza kuwinda bila lori kutoka ng'ambo limekwisha kuacha kutunza wanyamapori; linatunza mzigo.

Hayo hayakuwatikisa sana wanachama wa vikundi vidogo vya vijijini, ambao huchangishana kiasi cha kawaida kwa msimu, hulisha ndege wenyewe kwa zamu, na siku ya msako nusu yao hukurupusha huku nusu wakisimama na bunduki, kisha hubadilishana. Hufurahia ndege 20 au 30 kwa siku na hugawana kwenda kuwala nyumbani. Katika mashamba machache yanayotegemea fezanti waliozaliwa porini, majike huachwa ili watotoe tena, na idadi ya kupiga hupangwa baada ya kuwahesabu vifaranga waliopona masika. Hapo mpigaji analazimika tena kujua upepo umegeukia wapi, na ndege anayemkosa hana wa kuchukua nafasi yake.