Nyumba za Ujirani katika Miji Mikubwa

Mitaa yetu ya mjini ikiwa imejaa watu wa kila kabila, twaona vema kukumbuka nyumba mbili za miji ya mbali. Shida yao ilikuwa kama yetu: watu kukaa karibu-karibu, wala wasijuane.

Ya kwanza ni Toynbee Hall, iliyofunguliwa mwaka 1884 mashariki ya London. Padre Samuel Barnett, aliyetunza kanisa la St Jude's, Whitechapel, tangu 1873, pamoja na mkewe Henrietta, waliona kwamba sadaka itolewayo kwa mbali haileti ujirani. Basi wakawaita vijana wa vyuo vikuu waje kukaa humo humo penye maskini.

Bibi Jane Addams wa Marekani aliizuru nyumba hiyo mwaka 1888. Mwaka uliofuata yeye na mwenzake Ellen Gates Starr wakafungua Hull House mjini Chicago, kati ya Waitalia, Wajerumani, Wayahudi waliotoka Urusi, na wengineo. Walianza kwa kusoma vitabu na kuonyesha picha. Kazi njema, lakini jirani zao walikuwa na haja nyingine. Krismasi ya kwanza wasichana kadha wa kadha walikataa peremende walizopewa. Kumbe, kwa majuma sita walikuwa wakifanya kazi katika kiwanda cha peremende, tangu saa moja asubuhi hata saa tatu usiku, wala hawakuweza hata kuzitazama! Hapo waalimu wakawa wanafunzi. Mwaka 1893 sheria ya Illinois ikakataza watoto wasiotimiza miaka 14 kufanya kazi viwandani, naye Florence Kelley, mkaaji wa Hull House, akawekwa kuwa mkaguzi mkuu.

Tena taka zilijaa njiani na kufurika masandukuni. Mwaka 1895 Bibi Addams akapewa kazi ya kukagua taka za mtaa, akawa akiondoka mapema asubuhi kuyafuata magari. (Wanaohubiri usafi ni wengi, wa kufuata gari la taka twawajua wachache.)

Wala hatufichi upungufu. Watu weusi waliohamia Chicago hawakukaribishwa upesi katika vyama vya Hull House kama wageni wa Ulaya.

Majengo yake mengi yalibomolewa miaka ya 1960 kupisha chuo kikuu, na mwaka 2012 chama chenyewe kikafungwa kwa kukosa fedha. Toynbee Hall ingali ikifanya kazi pale pale Whitechapel.