MAANA NA MATUMIZI: 'Kuambukiza' si sawa na 'kuenea'

VITENZI kuenea, kusambaa, kuzagaa na kuambukiza hutumiwa na waandishi wengi kana kwamba ni visawe kamili. Vyote vinahusu kitu kutoka mahali pamoja na kufika kwingine. Hata hivyo, kila kimoja kina mpaka wake, na anayeuvuka anaweza kumtwika mtu lawama asiyostahili.

Kuenea ndicho kitenzi chenye maana pana zaidi. Kitu kilichoenea kimefika kila upande wa mahali fulani, bila kutajwa kimefikaje. Nomino 'eneo' imetokana nacho. Huwa pia na maana ya kutosha: chakula kimewaenea wageni wote, shati limemwenea.

Kusambaa ni kutawanyika kutoka kwenye chanzo kwenda pande mbalimbali. Moto uliozuka katika soko la Gikomba, Nairobi, mnamo Juni 28, 2018, na kuua watu wasiopungua 15, ulisambaa hadi kwenye nyumba za makazi.

Kuzagaa ni kuwapo kwa wingi huku na huku, aghalabu bila mpango wala idhini. Taka zisizozolewa huzagaa vichochoroni Kayole. Moshi wa jaa la Dandora, kwa upande wake, hutanda. Kwa kuwa kuzagaa kuna harufu ya kukemea, haifai kuandika kwamba wachuuzi au wakimbizi 'wamezagaa' mtaani. Binadamu si taka.

Kuambukiza ni kumpitishia mwingine ugonjwa. Kitenzi hiki hudai mpitishaji na mpokeaji: Juma alimwambukiza Asha kifua kikuu. Katika kauli ya kutendwa huwa kuambukizwa, na katika kauli ya kutendana, kuambukizana.

Hapa ndipo kosa dogo huleta madhara makubwa. Anayeandika kwamba 'watu ishirini wameambukiza korona', akikusudia 'wameambukizwa', amedondosha herufi moja tu, lakini amewageuza wagonjwa kuwa washtakiwa. Mnamo Mei 6, 2020, serikali ilipotangaza kuzuia watu kuingia au kutoka Eastleigh kwa sababu ya ugonjwa huo, jina la mtaa mzima lilihusishwa na maradhi. Katika hali kama hiyo, ile 'w' ndiyo inayotenganisha mwathiriwa na mkosaji.

Tuchukue pia kipindupindu, kilichozuka Nairobi mwaka wa 2015 na tena 2017. Mtu huambukizwa maradhi haya hasa kwa kunywa maji au kula chakula kilichochafuliwa na kinyesi chenye vijidudu vyake. Tukiandika kwamba wakazi wa Mathare 'wanaambukizana kipindupindu', msomaji ataanza kumkwepa jirani yake. Tukiandika kwamba kipindupindu 'kinaenea kupitia maji machafu', atauliza kuhusu mabomba na vyoo, na nani anayepaswa kuvitengeneza.

Kinyume chake, si kila ugonjwa ulioenea huambukiza. Kisukari na shinikizo la damu ni magonjwa yasiyoambukiza. Ni sahihi kusema kisukari kimeenea Buruburu au Umoja. 'Maambukizi ya kisukari' ni kauli isiyo na mantiki.

Kitamathali, kicheko huambukiza na woga huambukiza, maana hutoka kwa mtu hadi kwa mwenzake bila hiari. Lakini wanaodai kwamba Sheng, iliyokita mizizi katika mitaa ya Eastlands kama vile Kaloleni na Jericho, 'imeambukiza' vijana wa nchi nzima, wamekwisha kutoa hukumu kabla ya kutoa hoja. Asiyetaka kuhukumu atasema Sheng imeenea.

Kwa hivyo, kabla ya kuchagua kitenzi, mwandishi ajiulize: kitu hiki kimepitia wapi? Kikiwa kimepitishwa na mtu kwa mwenziwe, kuambukiza kunafaa. Kikiwa kimepitia maji, upepo, biashara au mazoea, atafute kitenzi kingine.