Nina Mae McKinney: Nyota Aliyenyimwa Hadithi

Wapenzi wa sinema wakianza kutaja magwiji wa zamani, orodha haikawii: Charlie Chaplin, Greta Garbo, Marlene Dietrich. Sasa wewe mtaje Nina Mae McKinney uone. Wengi watakuuliza, "Huyo naye nani?" Swali hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Nina alizaliwa mwaka 1912 huko Lancaster, mji mdogo wa jimbo la South Carolina, kusini mwa Marekani, enzi ambazo Mweusi alipitia mlango wa nyuma hata akiwa na pesa zake mkononi. Alipokuwa bado binti akahamia New York, na mwaka 1928 akapata nafasi katika kundi la wachezaji wa Blackbirds, onyesho la Broadway lililokuwa likivuma sana. Hakuwa nyota. Alikuwa mmoja tu katika mstari wa wasichana wanaocheza nyuma ya wakubwa.

Lakini kulikuwa na mtu anatazama. Mwongozaji King Vidor alikuwa akitafuta watu wa filamu yenye waigizaji Weusi watupu. Kampuni ya MGM iliogopa hasara, mpaka Vidor alipokubali kuuweka rehani mshahara wake mwenyewe. Akamchukua Nina, na mwaka 1929 Hallelujah ikatoka. Sinema ndiyo kwanza zilikuwa zinajifunza kusema, na binti huyu ambaye hata miaka ishirini hajatimiza aliimba, akacheza na kuigiza kana kwamba kamera ni rafiki yake wa utotoni. Jina lake humo ni Chick, msichana wa mjini anayempotosha mkulima wa pamba aliyegeuka mhubiri.

Filamu ilizinduliwa New York katika kumbi mbili kwa wakati mmoja: moja katikati ya jiji, nyingine Harlem kwa Weusi. Hapo tu msomaji unaweza kuonja mambo yatakayofuata.

MGM wakampa mkataba wa miaka mitano, jambo ambalo karibu hakuna mwanamke Mweusi aliyekuwa amelipata Hollywood. Watu wakasema kashaula. Kumbe wapi! Mkataba alikuwa nao, hadithi hakuwa nayo. Kumbi za Kusini zisingekubali kuonyesha mwanamke Mweusi akiwa shujaa, na kanuni za maadili za Hollywood zilikataza mapenzi ya Mweusi na Mweupe kwenye filamu. Sasa uzuri wote ule wangeupeleka wapi? Kilichobaki kilikuwa kumvalisha aproni.

Nina akavuka bahari. Huko Ulaya aliimba kwenye majukwaa ya Paris na London, na watu wakambandika jina la "Garbo Mweusi". Sifa kubwa hiyo, lakini itazame vizuri: hata wanaokupenda wanakuita kwa jina la mwingine.

Mwaka 1935 ikatoka Sanders of the River, filamu ya Uingereza ya ndugu wawili, Alexander na Zoltan Korda. Nina ni Lilongo, mke wa Bosambo, ambaye anaigizwa na Paul Robeson. Kijiji cha Kiafrika kilijengwa Shepperton, jirani na London! Miongoni mwa Waafrika waliokodiwa kujaza kijiji hicho alikuwamo Mkenya mmoja aliyekuwa akiishi huko, jina lake Jomo Kenyatta. Naam, yule yule.

Robeson aliingia akidhani filamu itaheshimu mila za Afrika. Ilipokamilika, ikawa wimbo wa kumsifu mkoloni, na baadaye akaikana hadharani. Nina, Robeson, Kenyatta: watatu wote mbele ya kamera moja, na hakuna hata mmoja kati yao aliyeshika kalamu ya hadithi ile.

Tazama basi kilichofuata. Mwaka 1938 Kenyatta alichapisha Facing Mount Kenya, akawaeleza walimwengu habari za Wagikuyu kwa maneno yake mwenyewe. Nina alirudi Marekani. Filamu ndogo ndogo zilizotengenezwa kwa ajili ya watazamaji Weusi zilimpa nafasi za mbele, kama vile The Devil's Daughter ya mwaka 1939. Hollywood ilimpa za uhausigeli. Katika Pinky ya mwaka 1949 anaonekana kidogo tu.

Alifariki New York mwaka 1967, na magazeti makubwa hayakuhangaika kumwandika. Heshima ilikuja mwaka 1978, jina lake lilipoingizwa katika Black Filmmakers Hall of Fame. Miaka 11 kaburini, ndipo wanamkumbuka!

Ndugu zangu tunaojifunza kutunga, kila siku tunasikia kwamba kipaji hakifichiki. Si kweli. Cha Nina kilifichwa, tena mchana kweupe, kwa kukosa mtu wa kumwandikia mhusika mwenye ukubwa wake. Mtaani kwetu wapo akina Nina wengi, wanaimba kwenye sherehe na kuchekesha watu vibarazani. Kabla hujatunga hadithi yako nyingine, mtazame mmoja wao, kisha umwandikie nafasi inayomtosha.