Kuitazama Anga Kabla ya Safari

Pwani yetu ya Kilwa na Lindi ilijengwa na watu waliojua kungoja. Majahazi yalikuja na kaskazi, yakarudi na kusi. Nahodha aliyeng'oa nanga kabla upepo haujageuka hakuhesabiwa kuwa shujaa.

Ndege zilipofika pwani hii, somo hilo lilianza upya. Novemba 1914 Waingereza walikuwa wakiitafuta Königsberg, manowari ya Wajerumani iliyojificha katika delta ya Rufiji. Rubani Dennis Cutler aliruka kutoka kisiwa cha Niororo, karibu na Mafia, kwa ndege ndogo ya kutua majini. Hakuwa na dira, wala hapakuwa na kituo cha kumweleza hali ya hewa ya mbele. Akaingia mawinguni, akapotea. Badala ya Rufiji, alitua kusini, penye kisiwa cha Okuza, na wenzake wakaja kumchukua kwa meli. Ujasiri alikuwa nao. Alichokosa ni habari za njia.

Leo rubani wa ndege ndogo huuliza kwanza: upepo unatoka wapi, mawingu yako chini kiasi gani, mvua iko wapi, na huko aendako kukoje. Akiona hapaendeki, husubiri. Nasi watumishi, tukiketi na mizigo yetu kiwanjani Kilwa Masoko, hunung'unika: "Tumekwisha kuomba, tunangoja nini tena?"

Hapo ndipo tunapokosea. Maombi hayatupi ruhusa ya kufumba macho. Mei 2024, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitoa tahadhari kabla kimbunga Hidaya hakijafika pwani yetu. Mvua zake zilikata barabara ya Lindi na Dar es Salaam wilayani Kilwa. Mvuvi aliyesikia tahadhari ile akaivuta mashua yake mchangani hakuwa na imani haba. Aliupokea uhai wake kama amana ya Mungu, na watoto wake nyumbani vilevile.

Katika Luka 12, Bwana Yesu hakuwalaumu watu kwa kulisoma wingu na upepo. Aliwalaumu kwa kuishia hapo, wasitambue majira waliyomo. Basi tusome vyote viwili. Na tukisema "Mungu akipenda", tuwe tayari pia kwa siku ile ambayo rubani atarudi kutuambia: leo hatuondoki.